Kusalimisha Silaha na Kusalimika kwa Watu: Mjadala wa Umiliki wa Bunduki Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Msomaji wa magazeti ya Kenya hakosi kukutana na ibara "kusalimisha silaha" kila habari za Garissa, Wajir au Mandera zinapoandikwa. Serikali hutoa muda, mathalani siku kumi au wiki mbili, na kuwataka wananchi wasalimishe bunduki zilizomo mikononi mwao kinyume cha sheria; muda ukipita, operesheni huanza. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalo jambo la kulidadisi hapa kabla hata hatujaifikia siasa. Kitenzi hicho kina mzizi mmoja na "salama" na "kusalimika". Kwa umbo lake, anayesalimisha kitu hukifanya kiwe salama, au hukitia katika mikono iliyo salama. Je, historia ya eneo hili yaafikiana na ahadi iliyomo ndani ya neno lenyewe?

Makala haya yananuia kueleza kwa nini mjadala wa bunduki katika Kaskazini Mashariki haufanani na ule tuusikiao kutoka Marekani. Kule, wabishani hugombania marekebisho ya pili ya Katiba yao, yaliyopitishwa mwaka 1791, na haki ya raia kumiliki silaha. Kenya haina haki ya namna hiyo katika Katiba yake, wala mchungaji wa Balambala hadai kwamba anayo. Anachouliza ni nani atakayemlinda kesho akiitoa bunduki yake leo.

Sheria na msingi wake

Sheria inayohusika ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, iliyotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, siku za Hali ya Hatari. Kwa mujibu wake, hakuna raia anayeruhusiwa kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Mwombaji sharti amridhishe mtoa vyeti kwamba ana sababu njema ya kuihitaji silaha, na kwamba kuwa nayo hakutahatarisha usalama wa umma. Tangu marekebisho ya mwaka 2014 kazi hiyo imekuwa chini ya Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha, na mnamo Disemba 2018 Serikali iliagiza wote wenye vyeti wakaguliwe upya.

Mpaka hapo hakuna la kulaumiwa. Tatizo ni kwamba sheria hii inamfikiria mwombaji wa namna fulani: mfanyabiashara wa mjini mwenye bastola, au mkulima mkubwa mwenye bunduki ya kuwindia. Silaha inayofululiza risasi mradi kidole kimeshikilia kifyatulio imepigwa marufuku kwa raia. Na bunduki iliyoenea malishoni kaskazini ni hiyo hiyo, yaani AK-47 na ndugu zake. Kwa hiyo mfugaji wa Fafi au Hulugho hawezi kuhalalisha alichonacho hata akiwa na sababu njema kuliko watu wote. Makadirio ya mwaka 2017 ya shirika la utafiti la Small Arms Survey yaliweka idadi ya bunduki zilizomo mikononi mwa raia wa Kenya kuwa takriban 750,000, huku zilizosajiliwa zikizidi 8,000 kidogo tu. Hayo ni makadirio, wala hayahusu Kaskazini Mashariki pekee. Hata hivyo, yanatuonyesha kwamba daftari la Serikali linaijua bunduki moja katika kila tisini.

Bunduki na dola: kumbukumbu isiyofutika

Hapa ndipo penye uzito wa mjadala wote, nami sitapapita upesi.

Tarehe 28 Disemba 1963, wiki mbili na ushei baada ya uhuru, Serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari katika Kaskazini Mashariki, ambako wengi walitaka kuungana na Somalia. Vita vilivyofuata vilidumu hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, na vikaitwa vita vya shifta. "Shifta" ni neno la Kiamhari lenye maana ya jambazi au mwasi. Lilipoingia katika Kiswahili cha Kenya lilipanuka likamfunika kila Msomali, awe mpiganaji, mchungaji au mwenye duka. Mtu akishaitwa shifta, bunduki hudhaniwa ipo hata isipoonekana. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huko hadi mwaka 1991, miaka ishirini na minne baada ya vita kwisha. Si ajabu kwamba mpaka leo msafiri atokaye Garissa kuelekea Nairobi aghalabu husema "naenda Kenya", nusu kwa mzaha na nusu kwa kweli.

Mnamo Novemba 1980, baada ya maofisa wa Serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliuchoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule, wakawashikilia humo kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Miaka minne baadaye ikafuata Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Wanaume wa ukoo wa Degodia, waliotuhumiwa kutozisalimisha bunduki zao katika ugomvi wao na Waajuran, walikusanywa kuanzia tarehe 10 Februari 1984 katika uwanja wa ndege uliozungushiwa ua. Walivuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi juu ya changarawe yenye moto wa jua, wakanyimwa maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema kwanza kwamba waliokufa ni 57. Mwaka 2000 waziri alikiri 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, iliona kwamba huenda idadi ilikaribia elfu moja.

Nayasimulia haya si kwa kutaka kufukua makaburi. Operesheni ya Wagalla ilikuwa, kwa maelezo ya wenyewe waliyoipanga, operesheni ya kukusanya silaha. Kwa hiyo mzee wa Wajir asikiapo leo neno "kusalimisha" hasikii salama ndani yake. Na wala si mambo ya kale tu: Oktoba 2008 operesheni ya kukusanya bunduki kwa Wagarre na Wamurulle katika Mandera iliacha, kwa uchunguzi wa shirika la Human Rights Watch, zaidi ya watu 1,200 wamejeruhiwa. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2009 ilipewa jina ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema, "Lete bunduki, la sivyo utakufa."

Bunduki zilitoka wapi?

Jibu fupi ni mpakani. Januari 1991 utawala wa Siad Barre ulianguka Mogadishu. Mei mwaka huo huo Mengistu akakimbia Addis Ababa. Majeshi mawili makubwa yalisambaratika ndani ya miezi mitano, na maghala yao yakawa sokoni. Wakimbizi walimiminika Garissa na kambi za Dadaab zikafunguliwa: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Imekuwa desturi ya baadhi ya wanasiasa kuzitaja kambi hizo kana kwamba ndizo kiwanda cha silaha. Ukweli ni kwamba bunduki hupita katika mpaka mrefu usio na uzio ambako ng'ombe na ngamia hupita vile vile, na aliyezikimbia mara nyingi ndiye huyo mkimbizi.

Homgadi: bunduki ya kukopeshwa

Pamoja na kuzikataza bunduki, Serikali yenyewe imekuwa ikizigawa. Tangu mwaka 1948 kuna askari wa akiba wa polisi, raia wa kujitolea ambao wenyeji wa sehemu nyingi za kaskazini huwaita homgadi. Kwa miaka mingi hawakulipwa mshahara. Hupewa bunduki na risasi kadha ili walinde visima, mifugo na vijiji ambavyo kituo cha polisi kilicho karibu kabisa kinaweza kuwa safari ya nusu siku. Mtu huyu ni wa Serikali asubuhi na ni wa ukoo wake jioni. Ukoo wake ukivamiwa, bunduki aliyoitia saini huenda naye. Wapinzani wa utaratibu huu wana hoja nzito wasemapo kwamba Serikali hapo imeupa silaha upande mmoja wa ugomvi na kuuita ulinzi.

Mwaka 2019 Serikali iliwaagiza askari wa akiba wa maeneo mbalimbali ya kaskazini wazirudishe bunduki ili wakaguliwe upya. Kisha ikaja Januari 2020. Tarehe 13 mwezi huo, washambuliaji wa Al-Shabaab waliingia Kamuthe, katika Kaunti ya Garissa, wakawaua walimu watatu waliotoka sehemu nyingine za nchi. Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika kaunti hizo, na watoto wakabaki na madarasa yasiyo na wa kufundisha. Dai la kuwarudishia homgadi bunduki likasikika tena na tena, na kwa mara hii waliolitoa hawakuwa wakitafuta ubabe wa ukoo. Walikuwa wakitafuta mwalimu wa hisabati.

Pande za mjadala

Kundi la kwanza lataka wananchi wa mpakani waruhusiwe silaha. Husema kwamba adui hana cheti, na kwamba aliyeko karibu ndiye awezaye kuwahi. Hoja hii ilipata nguvu baada ya tarehe 2 Aprili 2015, watu wanne walipoingia na bunduki alfajiri katika Chuo Kikuu cha Garissa na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi wenzetu. Kikosi maalumu kilitoka Nairobi, kilomita zipatazo 370, na saa nyingi zilipita kabla ya kuingia bwenini. Naikubali hasira iliyomo katika hoja hii, lakini siikubali tiba yake. Kilichokosekana siku ile hakikuwa bunduki. Mji wa Garissa una polisi na una kambi ya jeshi, na kosa lilikuwa katika uamuzi na wepesi wa kuwaokoa watu. Bweni lenye bunduki chini ya vitanda lingekuwa na misiba yake ya kila muhula.

Kundi la pili lataka silaha zote ziondolewe, na hutaja mikutano na mapatano: Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, na mioto ya hadhara, kama ule wa Ngong wa mwaka 2016 ulioteketeza bunduki 5,250, na wa mwaka 2021 ulioteketeza 5,144. Ni kazi njema. Ila bunduki iliyochomwa Ngong ilikuwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe alikuwa na jirani. Waganda walijifunza hilo Karamoja: waliozitoa bunduki zao kwa hiari katika zoezi lililoanza mwishoni mwa mwaka 2001 walivamiwa na majirani ambao bado walikuwa nazo, na muda si muda wakatafuta nyingine.

Kundi la tatu halisikiki sana kwa sababu halipigi kelele. Hawa ni wale walioanza na ugomvi wenyewe kabla ya kuigusa bunduki. Katika Wajir, wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi aliyefariki mwaka 2011, walianza mwaka 1993 kuwapatanisha wachuuzi wa koo zilizokuwa zikiuana, kisha wazee, kisha maofisa wa Serikali. Kutokana na juhudi hizo kamati za amani zikaenea kaskazini. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya kadhaa walikutana Modogashe wakaafikiana juu ya malisho, maji, wizi wa mifugo na usafirishaji wa silaha, wakaweka na fidia ya uhai: mifugo mia moja kwa mwanamume aliyeuawa, hamsini kwa mwanamke. Nusu hiyo ya mwanamke inastahili makala yake peke yake. Lakini tazama mantiki ya utaratibu wenyewe. Muuaji anapojua kwamba ukoo wake mzima utalipa, wazee wake wana sababu ya kuichunga bunduki yake kuliko polisi wowote.

Mapatano ya Modogashe yana mipaka yake pia. Al-Shabaab hakuketi chini ya mti ule, wala hana mzee wa kudaiwa ngamia. Kwa hiyo kamati za amani haziwezi kuchukua nafasi ya polisi. Zaweza tu kupunguza sababu za jirani kumwogopa jirani.

Kwa maoni yangu, mjadala huu umekuwa ukianzia mwishoni. Huanza na tarehe ya mwisho ya kusalimisha, kisha hufuata ahadi ya ulinzi. Mpangilio ungegeuzwa. Kituo cha polisi kifike kwanza, kiwe na gari, mafuta na maji, na kukaliwa na askari wajuao lugha ya wanaowalinda. Homgadi wasajiliwe, walipwe, na risasi zao zihesabiwe mbele ya wazee wa koo zote zinazotumia kisima hicho. Bunduki zichukuliwe pande zote mbili za ugomvi siku moja, na anayezipokea aandike jina lake na atoe risiti. Naye atakayetumwa kukusanya silaha Wajir apitie kwanza Wagalla, aulize, na asikilize jibu.