Je, Wajua? Jicho Lisiloona Huweza Kutoa Umeme Kama Kawaida

Neva ya kuona ikikatika, jicho hupofuka. Lakini mulika jicho hilo kwa mwanga mkali wa ghafla, na retina yake hujibu kwa umeme kama ya jicho zima. Kipimo kinachonasa umeme huo huitwa elektroretinogramu.

Kwenye skrini, mstari hushuka kidogo, kisha hupanda juu. Mshuko hutoka kwenye seli zinazopokea mwanga. Mpando hutegemea zaidi seli zinazofuata. Zote ziko ndani ya retina na hazihitaji neva ili ziishi. Jicho linafanya kazi, ubongo haupati habari.

Zinazoumia ni seli za ganglioni, kiasi cha milioni moja kwa kila jicho. Nyuzi za neva ni mikia ya seli hizo hasa. Mkia ukikatwa, seli hufa taratibu kwa muda wa wiki kadhaa.

Kuzichunguza kunahitaji mbinu nyingine, na hapa ndipo utamu ulipo. Mgonjwa hutazama miraba myeusi na myeupe inayobadilishana rangi, huku uzi mwembamba wa kupitisha umeme ukiwa umegusa jicho lake. Takriban milisekunde 95 baada ya rangi kubadilishana, mstari huzama. Mzamo huo ni wa maikrovolti chache tu! Presha ya macho inapoua seli za ganglioni, mzamo hupungua.

Umeme wa retina uligunduliwa na Msweden Frithiof Holmgren mwaka 1865, kwenye jicho la chura.