Tembea na fremu yenye magurudumu bila kuanguka



Kama wewe mwenyewe, au bibi, babu, mama au jirani yako, anatembea kwa msaada wa fremu yenye magurudumu, makala haya ni yako. Yasome polepole, na kama mwenye fremu hasomi, umsomee kwa sauti huku fremu yake ikiwa mbele yenu.

Hebu tuwaze habari ya bibi mmoja. Alivunjika mguu, akatibiwa, akarudi nyumbani na fremu ya magurudumu manne. Hospitalini alijifunza kutembea nayo kwenye sakafu laini, akaweza. Kambini sakafu ni udongo, na njia ya kwenda msalani inateremka. Siku ya nne fremu ilikimbia mbele yake, mikono ikanyooka, akaanguka kwa magoti. Hakuumia sana. Lakini tangu siku hiyo fremu imewekwa kwenye kona ya nyumba, nguo zimetundikwa juu yake, na bibi hatoki tena.

Hofu ya bibi huyu ina madhara yake. Mtu anayeogopa kwenda msalani huanza kunywa maji kidogo ili asibanwe usiku. Akinywa maji kidogo hupata kizunguzungu na choo kigumu. Asipotembea, misuli ya miguu hulegea, na siku atakayojaribu kusimama ataanguka kwa urahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wazee ndio walio katika hatari kubwa. Kwa hiyo kuanguka si jambo dogo, na si lazima tulikubali kuwa ni "mambo ya uzee".

FREMU YAKO NI YA AINA GANI?

Kuna aina mbili unazoweza kuziona kambini.

Ya kwanza ina magurudumu mawili mbele, na miguu miwili ya nyuma yenye kofia za mpira. Mara nyingi haina breki ya mkono. Ukiikandamiza chini, mpira wa nyuma hushika ardhi na fremu husimama.

Ya pili ina magurudumu manne, breki mbili za mkono, na mara nyingi kiti kidogo. Hii ni nyepesi kusukuma, lakini haisimami yenyewe. Isiposhikwa breki, itaenda kule ardhi inakoelekea.

Hapo ndipo penye jambo kubwa la makala haya: gurudumu halikungoji. Mkongojo ukiuweka hukaa palepale. Fremu ya magurudumu manne hukaa tu pale wewe ulipoizuia. Basi, kabla ya kujifunza kutembea nayo, jifunze kuisimamisha.

Breki nyingi za aina hii hufanya kazi mbili. Ukiivuta breki kwa vidole kuelekea kishikio, kama ya baiskeli, fremu hupunguza mwendo. Ukiisukuma breki chini mpaka isikike "tak", magurudumu hufungwa kabisa. Fanya zoezi hili ukiwa na mtu karibu: funga, sukuma fremu uone kama inagoma, fungua. Rudia mara 10 kila siku mpaka mkono uzoee.

Mtu asiyeweza kubana breki kwa sababu ya udhaifu wa mkono, au anayehitaji kuegemea fremu kwa uzito wake wote, asitumie ya magurudumu manne. Amwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye kituo cha afya. Huenda fremu isiyo na magurudumu, au ya magurudumu mawili, ndiyo itakayomfaa.

PIMA KIMO CHAKE

Vaa viatu unavyotembelea kila siku. Simama wima, mikono ining'inie pembeni bila kukazwa. Kishikio kiwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono wako. Ukishika, kiwiko kipinde kidogo.

Fremu ikiwa fupi utainama, na uzito wako utaangukia mbele. Ikiwa ndefu, mabega yatapanda na mikono haitakuwa na nguvu ya kukuzuia. Miguu yote ya fremu iwe na urefu mmoja. Usirithi fremu ya marehemu au ya jirani bila kuipima upya.

KUSIMAMA NA KUKAA

Ajali hutokea pia wakati wa kuinuka au kukaa, siyo katikati ya safari tu. Fuata hatua hizi:

1. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda au kiti, hesabu polepole mpaka 20. Kama kichwa kinazunguka, usisimame bado.
2. Weka fremu mbele yako, funga breki zote mbili.
3. Weka mikono juu ya kitanda au kiti, siyo kwenye fremu. Jisukume juu.
4. Ukishasimama imara, shika vishikio kimoja kimoja, kisha fungua breki.

Usijivute kwa kushika fremu. Itakuja kwako, na wewe utarudi chini.

Ukitaka kukaa, geuka kwa hatua ndogo mpaka usikie kiti kinagusa nyuma ya miguu yako. Funga breki. Peleka mkono mmoja nyuma ukishike kiti, kisha wa pili, ndipo ukae taratibu.

MWENDO WA KAWAIDA

Tembea ukiwa ndani ya fremu, siyo nyuma yake. Magurudumu ya nyuma yawe karibu na miguu yako. Ukiona mikono yako imenyooka, fremu imekutangulia. Simama, ivute karibu, ndipo uendelee. Tazama mbele yako hatua chache, usiangalie vidole vya miguu.

Kwa fremu ya magurudumu mawili, isogeze mbele kidogo, tanguliza mguu mgonjwa, kisha ufuate mguu mzima. Kwa ya magurudumu manne, tembea hatua za kawaida lakini fupi.

Kugeuka, usiizungushe fremu kwa nguvu na kupindisha kiuno. Geuka kama anayezunguka mti, kwa hatua ndogo ndogo.

Vaa viatu vinavyoshika kisigino. Kandambili zilizochakaa huteleza na kujikunja. Mama anayevaa kitenge akifunge kisiburute, kwa maana pindo likiingia kwenye gurudumu litamvuta chini.

MITEREMKO, MATOPE NA MIFEREJI

Kambi zetu nyingi zina milima. Kambi ya Kiziba, iliyofunguliwa mwaka 1996 katika Wilaya ya Karongi, imejengwa juu ya kilima. Anayeishi huko anajua kwamba kutoka nyumba moja kwenda nyingine unaweza kupanda au kushuka. Magurudumu madogo yametengenezwa hasa kwa sakafu na barabara sawa. Kwa hiyo uliza swali hili mapema: je, njia zangu za kila siku zinaifaa fremu hii? Kama nyumba yako iko kwenye mteremko mkali, mwambie mhudumu wa afya kabla ya kupewa fremu, siyo baada ya kuanguka.

Ukiteremka, bana breki kidogo wakati wote, hatua ziwe fupi, mwili uwe karibu na fremu. Ukisikia inaanza kukuvuta, bana breki zote mbili kwa pamoja. Usibane moja tu, maana fremu itageuka upande. Ukipanda, pumzika mara kwa mara, lakini usikalie kiti cha fremu kwenye mteremko, hata kama breki zimefungwa.

Kwenye ngazi, fremu hii haitumiki kabisa. Shika ukuta au mkono wa mtu, na mwingine abebe fremu.

Kwenye mfereji wa maji ya mvua, usijaribu kuruka wala kupitisha gurudumu moja moja. Simama, ita mtu. Ubao mpana uliokazwa vizuri unaweza kuwa daraja la kudumu. Ongea na kiongozi wa mtaa wenu ili uwekwe.

Msimu wa mvua, mwezi wa 3 mpaka wa 5, na wa 9 mpaka wa 12, udongo huganda kwenye magurudumu na breki haishiki. Mvua ikiwa imetoka kunyesha, kama safari si ya lazima, ngoja njia ikauke. Kama ni ya lazima, usiende peke yako.

FREMU SI MKOKOTENI

Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Ukilitundika kwenye kishikio, fremu itapinduka upande huo pamoja na wewe. Kama fremu ina kapu chini ya kiti, weka humo vitu vidogo tu: kadi ya kliniki, dawa, chupa ya maji, tochi. Maji, kuni na mifuko ya chakula vibebwe na wengine.

Usibebe mtoto mgongoni ukiwa na fremu. Tunajua bibi anapenda mjukuu wake, lakini mkianguka, mnaanguka wawili. Mkalishe, umpakate.

Kiti cha fremu ni cha kupumzikia. Mtu asikae juu yake huku mwingine akimsukuma kama kiti cha magurudumu. Gurudumu likigonga jiwe, fremu hupinduka mara moja.

SAFARI YA MSALANI USIKU

Vigezo vya Sphere, vinavyotumika katika misaada ya dharura, vinasema choo cha pamoja kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka nyumbani. Kwa kijana hizo ni hatua chache. Kwa mwenye fremu, gizani, ni safari.

Itayarishe mchana. Ondoa mawe, kamba za kuanikia nguo na mabaki ya kuni njiani. Weka fremu karibu na kitanda, breki zimefungwa, viatu chini ya mkono wako. Taa au tochi ining'inie shingoni, ili mikono yote miwili ibaki kwenye vishikio. Kama choo kiko mbali au mvua inanyesha, tumia ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba na imwagwe chooni asubuhi, kisha waliohusika wanawe mikono kwa sabuni. Hakuna aibu katika hilo. Usiache kunywa maji.

IKAGUE KILA WIKI

- Magurudumu: yanazunguka bila kuyumba? Toa nywele, nyuzi na udongo.
- Breki: ukizifunga, fremu inagoma kweli? Waya wa breki hulegea kama wa baiskeli, na fundi baiskeli anaweza kuukaza.
- Kofia za mpira: zikiisha mpaka chuma kionekane, zibadilishwe.
- Nati na vitufe vya kurekebisha kimo: vimekaza pande zote?
- Vishikio: havizunguki mkononi?

Fremu yenye kasoro usiifunge kwa kamba na kuendelea nayo. Ipeleke kituo cha afya. Na watoto waelezwe kuwa si mchezo. Gurudumu moja lililopindwa mchana linaweza kumwangusha babu usiku.

UKIANGUKA

Usikimbilie kusimama, na ninyi wa nyumbani msikimbilie kumvuta mikono. Atulie kwanza. Kama hawezi kusimama, kama nyonga inauma sana, au mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda amevunjika nyonga. Msimwinue. Mfunikeni asipate baridi na mwiteni mhudumu wa afya. Vivyo hivyo kama amegonga kichwa, ametapika, amesinzia kuliko kawaida au amechanganyikiwa.

Kama hana maumivu makali, ageuke ubavu, apige magoti, ashike kiti au kitanda kisichosogea, ajiinue taratibu. Asiishike fremu, maana itakimbia.

Hata kama hukuumia, mwambie mhudumu wa afya. Kuanguka mara moja ni habari. Huenda ni macho, huenda ni dawa ya presha, huenda ni kimo cha fremu.

NENO KWA WA NYUMBANI

Mwenye fremu haombi kubebwa. Anaomba njia. Tembea pembeni yake, nyuma kidogo, upande wa mguu mgonjwa. Usimharakishe na usimsukume. Foleni ikiwa ndefu, mwombee apite mbele.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 20, unazungumzia haki ya mtu kutembea na kusafiri kwa uhuru wake kadiri iwezekanavyo. Na orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inaziweka fremu hizi miongoni mwa vifaa 50 vya msaada vyenye umuhimu wa kwanza. Kuomba fremu inayokufaa, kuomba ipimwe na kuomba ifanyiwe matengenezo, si usumbufu.

Turudi kwa yule bibi. Fremu yake bado iko kwenye kona. Leo jioni, mjukuu atoe zile nguo, akaze waya, apime kimo. Kesho asubuhi, bibi afunge breki, asimame, afike mlangoni na kurudi. Kesho kutwa, afike kwa jirani. Wahenga walisema: mwenda pole hajikwai.