Kebo ya Deraya Hata Ikifukiwa Huhitaji Waya wa Athi

Katika nyumba nyingi za Ganjoni, umeme wa kwenda kwenye pampu ya kisima, taa za lango au vyumba vya uani hupitishwa chini ya ardhi kwa kebo ya deraya. Hii ni kebo nene ambayo, chini ya ganda lake jeusi la plastiki, imezungushiwa nyaya za chuma. Nyaya hizo ndizo deraya, na kazi yake ni kuikinga kebo isikatwe na jembe au sururu.

Hata hivyo, chuma hupitisha umeme. Kebo ikijeruhiwa na waya wa moto ukagusa deraya ambayo haikuunganishwa na athi, volti 240 husambaa kwenye chuma chote kilichoungana nayo, hadi kwenye bodi ya pampu. Taa zitaendelea kuwaka kama kawaida, na hakuna atakayejua mpaka mtu aishike pampu kwa mikono yenye maji. Hapo anaweza kupoteza maisha.

Kufukiwa si kuunganishwa na athi

Wapo wanaodhani kwamba kebo ikishafukwa imepata athi. Sivyo. Ganda la plastiki huitenga deraya na udongo, kwa hiyo ni lazima iunganishwe kwa waya wenye rangi ya kijani na manjano hadi kwenye athi kuu ya nyumba. Ikiunganishwa vizuri, umeme mwingi hupita ghafla hitilafu inapotokea, na breka hujizima papo hapo.

Fimbo ya athi peke yake mara nyingi haitoshi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na fimbo aghalabu hugonga jiwe kabla ya kuzama vya kutosha. Fimbo yenye ukinzani wa omu 20 itapitisha ampea 12 tu, na breka ya ampea 32 haitajizima kwa kiasi hicho. Ndiyo maana saketi ya pampu na ya nje inahitaji pia kifaa cha RCD cha miliampea 30, kinachokata umeme mara kinapohisi unavuja.

Mahali pa kukagua

Kasoro nyingi hupatikana kwenye ncha za kebo:

- Nyaya za deraya zimekatwa na kufungwa kwa utepe, badala ya kubanwa ndani ya glandi ya shaba.
- Kisanduku ni cha plastiki, na glandi haina pete ya shaba wala waya wa kuipeleka kwenye athi.
- Waya wa nyutro umetumiwa kama athi. Nyutro ikikatika, bodi ya pampu hupata umeme.
- Glandi imeliwa na kutu. Hewa ya chumvi huharakisha kutu, hasa kwenye visanduku vya nje visivyofungwa vizuri.

Mkazi afanye nini?

Kabla ya mvua za masika, mkazi aite fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na aombe kuiona leseni hiyo. Fundi apime kwa mita kama deraya imeungana na athi kuu, apime ukinzani wa athi, kisha ajaribu RCD. Matokeo yaandikwe na kuhifadhiwa. Kitufe cha majaribio kilicho kwenye RCD mwenye nyumba anaweza kukibonyeza mwenyewe mara kwa mara. Kisipokata umeme, fundi aitwe.

Anayehisi mtetemo wa umeme akigusa pampu, bomba au lango asilipuuze jambo hilo. Azime swichi kuu, awazuie watoto wasikaribie, na asiwashe tena hadi fundi akague. Mita na lakiri zake zisiguswe: hizo ni za Kenya Power, inayopatikana kwa nambari 97771.