Kipepeo wa Michungwa na Mtoto Wake

Mvua ziishapo kunyesha, vipepeo wa manjano huonekana kwa wingi mashambani, na watu wengi hudhani wote ni wa aina moja. Sivyo. Wale wadogo warukao karibu na nyasi, na wale weupe na manjano hafifu wapitao kwa makundi makubwa wakishika upande mmoja, hawana neno na michungwa. Watoto wa hao wa pili hula majani ya mikasia. Impasaye mwenye michungwa na milimau kumjua ni mwingine, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus.

Huyu ni mkubwa; mabawa yake yakikunjuliwa hupata kama inchi 4 au zaidi. Ni meusi yenye mabaka mengi ya manjano, na yale ya nyuma yana madoa mfano wa macho. Yeye mwenyewe hana madhara, maana hunywa maji matamu ya maua tu. Lakini jike huyatafuta majani machanga ya mchungwa, akataga yai moja hapa na moja pale, dogo kama punje ya ulezi.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kiwavi mchanga huwa wa kahawia na nyeupe, akafanana kabisa na kinyesi cha ndege kilichoanguka juu ya jani. Mtu humpita, na ndege naye humpita. Akiisha kujivua ngozi mara kadhaa huwa wa kijani, urefu wake karibu inchi 2. Akiguswa, hutokeza nyuma ya kichwa pembe laini yenye panda, inukayo sana. Pembe hiyo haimdhuru mtu; ni ya kuwafukuza adui zake. Mwishowe hujifunga kijitini kwa uzi, akawa pupa, na ndani yake hutoka kipepeo.

Mchungwa mkubwa waweza kupoteza majani kadhaa usidhurike. Katika kitalu ni habari nyingine: viwavi wachache waweza kuumalizia mche majani yake yote. Njia iliyo rahisi ni kuikagua miche kila siku mbili tatu, hasa majani mapya, na kuwaokota kwa mkono. Kunyunyiza dawa ovyo huwaua pia nyigu wadogo watagao ndani ya mayai na viwavi vya kipepeo huyu, nao ni wasaidizi wasiodai mshahara.

Michungwa ililetwa Afrika kutoka Asia. Kipepeo huyu alikuwapo kabla yake, akiishi kwa miti ya porini iliyo jamaa ya mchungwa, na hata leo huila. Kwa hiyo apandaye miche mahali ambapo hapajapata kuwa na mchungwa asidhani kwamba hatamwona.