Barua za Mkuu wa Wamohawk

Leo twapenda kueleza habari za mtu aliyeitetea nchi yake kwa kalamu. Jina lake ni Thayendanegea, na Waingereza walimwita Joseph Brant. Alikuwa mkuu wa vita wa Wamohawk, kabila moja katika Mataifa Sita ya Amerika ya Kaskazini. Katika ujana wake alifundishwa kusoma na kuandika Kiingereza huko Connecticut.

Katika vita vya Marekani, tangu 1775 hata 1783, Brant na wengi wa watu wake walipigana upande wa Mfalme wa Uingereza. Mfalme aliposhindwa, mkataba wa amani haukuwataja hata kidogo, na nchi yao ikabaki mikononi mwa Wamarekani. Ndipo Gavana Haldimand, tarehe 25 Oktoba 1784, alipowapa hati ya nchi nyingine katika Kanada: maili sita kila upande wa Mto Grand, tangu uingiapo katika Ziwa Erie mpaka chanzo chake. Watu 1,800 hivi wakakaa huko.

Lakini hati ile haikueleza jambo moja kubwa. Je, wenyeji waweza kuiuza nchi hiyo au kuipangisha? Brant aliona kuwa mawindo yamepungua, na watu wake wahitaji fedha. Akawaandikia maofisa barua nyingi, akisema kwamba Mataifa Sita walikuwa marafiki wa Mfalme, wala si raia zake, basi nchi ni yao kabisa. Gavana Simcoe hakukubali. Hati aliyoitoa mwaka 1793 iliacha nje sehemu za chanzo cha mto, tena ilikataza kuuza bila Serikali. Wakuu wakaikataa.

Mwaka 1798 Serikali ilikubali mauzo ya sehemu kubwa. Hapo fitina ikaingia nyumbani. Wanunuzi wengine hawakulipa, na watu wakauliza fedha zimekwenda wapi. Mwaka 1805 baraza la Buffalo Creek lilitangaza kumwondoa Brant katika ukuu. Akajitetea, akabaki, akafa mwaka 1807.

Nchi waliyo nayo Mataifa Sita sasa haifiki sehemu moja katika ishirini ya ile ya kwanza, nao wangali wakidai. Barua za Brant zimehifadhi hoja zao. Lakini hati isiyoeleza wazi ni mbegu ya kesi. Wazee walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.