Udhibiti wa Mwili kwa Neva na Homoni: Mfano wa Rovu katika Nyanda za Songea, Mkoani Ruvuma

Utangulizi

Mwili wa binadamu huongozwa na mifumo miwili inayotegemeana. Mfumo wa neva hupeleka taarifa kwa umeme na kemikali, na baadhi ya nyuzi zake huzisafirisha kwa kasi inayokaribia mita 100 kwa sekunde. Mfumo wa homoni hutumia damu kusambaza maagizo ya tezi. Kazi yake ni ya polepole, lakini athari zake hudumu. Aliyekanyaga kaa la moto huuondoa mguu kabla ya kuhisi maumivu, ilhali nusu ya homoni ya thairoksini huchukua takribani siku 7 kuondoka katika damu. Makala haya yanafafanua muunganiko wa mifumo hiyo kwa kutumia mfano wa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo, uliowahi kuenea katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Hoja kuu ni kwamba rovu ni ishara ya mfumo wa udhibiti unaotii kanuni zake wakati malighafi imekosekana.

Mzunguko wa amri

Haipothalamasi ni sehemu ya ubongo inayokutanisha mifumo hii miwili. Hupokea taarifa za neva kuhusu hali ya mwili, kisha huiagiza tezi ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari hutoa homoni inayoichochea tezi ya thairoidi, nayo hutengeneza thairoksini inayoratibu joto la mwili, matumizi ya nishati na ukuaji. Thairoksini inapotosha katika damu, amri kutoka juu hupungua. Marejesho haya hasi ndiyo msingi wa uthabiti wa mwili.

Kila molekuli ya thairoksini hubeba atomi 4 za ayodini, inayofahamika kwa wengi kama madini joto. Katika miinuko, mvua za karne nyingi huyaosha madini haya kutoka udongoni. Maji ya milima ya Matogoro, karibu na mji wa Songea, huingia mto Ruvuma na hatimaye Bahari ya Hindi. Mahindi na maharage hayawezi kutoa kile ambacho udongo hauna. Aidha, muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huongeza tatizo, kwa kuwa sianidi yake hugeuka mwilini kuwa thayosayaneti, inayoizuia tezi kufyonza ayodini. Thairoksini ikipungua, pituitari huzidisha amri; seli za thairoidi huchochewa mfululizo, huongezeka, na tezi huvimba.

Athari zisizoonekana shingoni

Uvimbe huonekana, lakini athari kubwa zaidi imefichika. Katika miezi 3 ya mwanzo ya ujauzito, ubongo wa kijusi hutegemea thairoksini ya mama, kwa kuwa thairoidi yake haijaanza kazi kikamilifu. Upungufu mkubwa wa wakati huo huweza kudumaza akili bila tiba ya kuirejesha. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza mikrogramu 250 za ayodini kwa siku kwa mjamzito, dhidi ya 150 kwa mtu mzima mwingine.

Kuanzia 1986, Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye ayodini katika wilaya zilizoathirika. Katika miaka ya 1990 mkazo ulihamia kwenye chumvi yenye madini joto. Utafiti wa Field, Robles na Torero wa 2009 ulihusisha vidonge hivyo na ongezeko la miaka ya masomo, hususan kwa wasichana. Hata hivyo, uchambuzi wa marudio haukuyathibitisha matokeo hayo kwa nguvu ileile.

Hitimisho

Kwa kuwa rovu hutokea baada ya amri kurudiwa kwa muda mrefu, shingo isiyovimba si uthibitisho kwamba kijusi kiko salama. Tathmini katika mazingira kama ya Songea inapaswa kuanzia kwenye ayodini ya mkojo wa wajawazito na kwenye chumvi iliyomo jikoni, hasa ile ya mawe inayouzwa bila kifungashio.