Kopo Tupu Chini ya Kamio

Chini ya kamio, kati ya injini na mdomo wa bomba la moshi, hukaa kopo la chuma lililovimba katikati. Mafundi wa Tanzania wamelipa jina zuri kuliko lolote la kiwandani: masega. Lipasue uone sababu. Ndani mna kauri yenye vitundu mamia kwa mamia, vyembamba, vimejipanga kama nyumba ya nyuki, na kuta zake zimepakwa platini na paladiamu kwa utando usioonekana kwa jicho. Moshi ukipita humo kukiwa na joto la kutosha, kaboni monoksidi, ile hewa inayoua mtu usingizini, hugeuka kaboni dioksidi, na mafuta yasiyoungua injinini humalizikia humo. Kamio nyingi za mazutu za miaka ya karibuni zina pia sega la pili, ambalo vitundu vyake vimezibwa kwa zamu, kimoja mbele, jirani yake nyuma, ili moshi ulazimike kupenya ukutani na kuacha masizi yake hapo. Ni kazi ya akili nyingi. Na gari likishafika kwetu Fizi, Kongo, ndiyo mara nyingi huwa ya kwanza kung'olewa.

Fundi wa Baraka ana hoja yake, na ni hoja nzito. Masizi yale, atakwambia, hayaishi mpaka yachomwe, na yanataka joto la karibu nyuzi 600, ambalo kwa kawaida gari hulipata likikimbia mfululizo. Kamio inayotoka Uvira kuja Baraka kwa gia ya pili, ikitoka shimo hili na kuingia lile, italipata wapi? Sega linaziba, injini inakosa pumzi, mlima unaishinda. Halafu kuna mafuta. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo iliingia 2022, iliweka kikomo cha salfa katika dizeli tangu 2015: sehemu 50 kwa milioni. Mazutu ya bidoni kwa kadhafi, yule muuzaji wa barabarani, hayana cheti cha mtu, na salfa ni sumu kwa madini yale. Basi fundi anakata kopo, anatoa sega, anachomelea upya. Gari linapata nguvu, na sega lenyewe lina mnunuzi. Ni vigumu kumwita mhalifu mtu anayeokoa mzigo wa chumvi na sabuni unaosubiriwa Bibokoboko, kule milimani.

Linaloumiza ni kwamba kopo tupu linafaulu ukaguzi. Kwa macho ni lile lile. Hata mashine hudanganyika: kipimo cha kawaida cha dizeli huangalia weusi wa moshi injini ikikanyagwa bila mzigo, na injini yenye nozeli safi inaweza kupita bila sega huku chembe ndogo mno zikimiminika hewani. Ulaya waliliona hilo. Ubelgiji 2022, Uholanzi na Ujerumani 2023 walianza kuhesabu chembe zenyewe. Jirani yetu Rwanda alianza kupima moshi wa magari 2025. Kwetu, kontrole teknike inayoishia kwenye taa, breki na karatasi haitalijua kopo hilo kamwe.

Yupo atakayesema: Fizi ina vita, haina barabara, nani ana muda wa moshi? Mama anayeuza ndagala sokoni anao. Ameketi usawa wa bomba, kamio inapakia injini ikiwaka, na tangu 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vilivyothibitika. Lakini ukimwadhibu fundi na kuyaacha mafuta, sega jipya litaziba vilevile. Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, OCC, ianze kupima mazutu kabla ya kupima moshi. Gharama ataibeba nani, mwenye gari au serikali? Hilo bado halina jibu. Nawe mwenye kamio, kabla mashine ya kuchomelea haijawashwa, mkumbushe fundi wako: sega lililoziba kwa masizi huweza kutolewa, kuchomwa katika tanuri, kupulizwa kwa hewa na kurudishwa mahali pake.